Baraza la Mawaziri la Kibomet

Kwa miaka miwili mizima niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba kule Uingereza kuna mzee mmoja mwenye daftari. Mzee huyo, nilivyoambiwa, hukaa kiti cha nyuma kabisa kila wanafunzi wa chuo kikuu wanapofanya mdahalo wa siasa. Haongei. Hapigi makofi. Kazi yake ni kuandika. Mwanafunzi akichaguliwa mwenyekiti wa klabu ya wahafidhina hapo chuoni, mzee anampa karatasi yenye muhuri wa malkia, na kwenye karatasi hiyo kuna jina la wizara atakayopewa akishaota mvi. Kijana anaikunja, anaishonea ndani ya koti, anaenda zake kuoa na kunenepa. Miaka ishirini baadaye anafumua uzi, anapeleka karatasi kwa waziri mkuu, anapewa gari na dereva.

Kilichonimaliza ni kipande cha mwisho: kwamba mzee huyo hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake katika kila nchi iliyowahi kutawaliwa na malkia, hata Kitale.

Msicheke. Nilikuwa na ushahidi.

Miaka hiyo ya themanini nilifanya kazi katika duka la vipuri na misumari mjini Kitale, duka la Kalasinga mmoja ambaye ukoo wao ulikuwa hapo kabla barabara haijajua lami. Misumari tulifunga kwa magazeti ya zamani, na magazeti hayo yalitoka kwa walowezi wachache waliobaki, wazungu wazee waliokuwa bado wanaletewa habari za kwao kwa ndege, kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Mfungaji nilikuwa mimi. Nilifunga nusu, nikasoma nusu. Mteja akitaka misumari ya inchi nne alingoja nimalize ukurasa. Naweza kusema bila kuogopa kwamba hakuna mtu Trans Nzoia nzima, pengine Afrika Mashariki yote, aliyejua mambo ya wahafidhina wa Uingereza kunishinda mimi, na kidato cha nne nilikuwa bado sijakimaliza.

Katika magazeti hayo niligundua jambo. Kila mtu alipofanywa waziri, waliandika historia yake, na kila historia ilikuwa na mstari uleule: alipokuwa chuoni alikuwa mwenyekiti wa klabu ya wanafunzi wahafidhina. Au katibu. Au mweka hazina. Fulani na fulani walikaa benchi moja wakiwa na miaka ishirini, wembamba kama miwa, wakibishana juu ya wachimba makaa ya mawe. Sasa wamekaa benchi moja bungeni, wana vitambi, na bado wanabishana juu ya wachimba makaa. Nilikata historia hizo nikazibandika kwa uji kwenye kitabu cheusi chenye jalada gumu. Kushoto cheo cha ujanani, kulia cheo cha uzeeni. Kitabu kikanona. Sikumwona hata mwenyekiti mmoja ambaye hakufika mbali.

Habari za mzee na karatasi aliniongezea mwanafunzi mwenzangu wa shule ya jioni, karani wa ghala la mahindi. Yeye aliambiwa na mpishi wa mzungu, na mpishi alizisikia kwa masikio yake akigawa supu. Ushahidi gani tena mtu anataka?

Shule yetu ya jioni ilikuwa darasa moja tuliloazimwa na shule ya msingi kule Kibomet. Madawati yalikuwa ya watoto. Ukikaa, magoti yanakugusa kidevu. Tulikuwa kumi na watatu, watu wazima wenye kazi na lawama: huyo karani, fundi wa baiskeli, mama aliyeuza sukuma wiki Kipsongo, na wengine wa namna hiyo. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Tongaren, mkulima wa mahindi na mwalimu wa shule ya msingi, mpole ajabu. Alikuwa na koti moja la kahawia, na alitufundisha historia kana kwamba kila mfalme aliyekufa alikuwa jirani yake.

Nilipomwambia tuanzishe klabu ya mdahalo kama ya wale wahafidhina, alifikiri siku mbili, akakubali kuwa mlezi.

"Lakini tuifanye vizuri," akasema. "Kule wanakaa pande mbili, wanatazamana. Huku serikali, huku wapinzani. Na mdahalo wa kwanza wa muhula ni uleule kila mwaka: kwamba hawana imani na serikali ya malkia. Ni desturi. Hata wakiipenda, lazima waipige kwanza."

Basi tukaifanya vizuri. Nikaandika baraza la mawaziri kwenye kitabu cheusi, vyeo na sababu zake bila majina. Mimi Waziri Mkuu. Hakuna aliyegombea, kitabu kilikuwa changu. Karani nikampa Fedha. Fundi wa baiskeli nikampa Ulinzi kwa sababu alikuwa na mikono minene. Mama sukuma wiki nikampa Mambo ya Nje kwa kuwa ana shangazi Mbale, Uganda. Wote wakaapa papo hapo. Jumamosi mchana tukapanga madawati pande mbili, tukapiga kelele kwa saa mbili, tukaiangusha serikali. Kisha nikaandika humo kitabuni kumbukumbu za kikao, na hapa ndipo naomba msomaji anivumilie, maana niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino wa buluu:

"Bunge hili halina imani tena na serikali. Hoja imepita. Umati wa watu wapatao mia tatu ulishangilia hadi mabati yakatikisika. Serikali mpya itaingia kazini Jumamosi ijayo, saa nane mchana, mvua inyeshe isinyeshe."

Chini mlezi akatia sahihi na jina lake lote, kwa mwandiko wa mwalimu, unaosomeka hata na kuku. Mimi nikaandika tu "Waziri Mkuu". Nilitaka mzee wa daftari apate kazi kidogo ya kuniuliza.

Ya malkia hatukuandika. Serikali tuliyoiangusha ilikuwa ya London, na jambo hilo lilikuwa wazi kwetu kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kulitia wino.

Wale waliokuwa watu wazima miaka hiyo wameshaanza kutoka jasho. Haikuwa imepita miaka mingi tangu redio ituamshe asubuhi ikisema serikali imepinduliwa, na kabla ya giza iseme haijapinduliwa. Chama kilikuwa kimoja. Mtu aliweza kuchukuliwa kwa karatasi aliyookota njiani akafungie sukari. Baadaye, miaka ya tisini vyama vingi viliporuhusiwa, niliwasikia watu wakitangaza kwa kipaza sauti katikati ya Bungoma, mchana kweupe, kwamba hawana imani na serikali, na wasikilizaji wanatafuna mahindi ya kuchoma. Nilijikuta naangalia nyuma yangu. Wenzangu hawakuelewa naangalia nini.

Kosa la pili lilikuwa langu pia. Nilimbembeleza mwalimu kumbukumbu zipigwe chapa, nakala tatu, ili mzee wa daftari asihangaike na mwandiko wangu. Mwalimu alimjua mpiga chapa mmoja Bungoma. Jumamosi iliyofuata asubuhi akaondoka na kitabu kwenye mkoba, akasema atarudi kabla ya saa nane, tuingie kazini.

Saa nane hakuja. Tukasema ni barabara. Saa kumi tukasema ni mvua, ingawa mvua haikunyesha. Jumatatu darasani ubao ulikuwa bado na maandishi ya Ijumaa.

Jumanne nilikuwa nafunga bolti dukani, akaingia mama mmoja mwenye leso kichwani na viatu vyekundu kwa vumbi. Alingoja wateja watoke. Akaegemea kaunta.

"Wewe ndiye Waziri Mkuu?"

Ni mara moja tu maishani nimeitwa hivyo na mtu asiye mwanafunzi mwenzangu.

"Mama, sema polepole."

"Nimesema polepole tangu Jumamosi. Mimi ni mke wa mwalimu wako. Mpiga chapa alisoma ile karatasi, akafunika mashine, akasema ati anaenda kununua maziwa. Akarudi na askari kanzu wawili. Mwalimu wako huko ndani mpaka leo."

"Wanasema nini?"

"Wanauliza waziri mkuu ni nani. Yeye anawaambia ni mchezo wa shule. Wanamwambia, kama ni mchezo, taja jina. Hataji."

"Amekula?"

"Nilipeleka uji. Sufuria walinirudishia tupu, nani alikula sijui." Akanitazama. "Angetaja jina lako, leo angelala kwake. Mimi pia najua jina lako, si alikuwa analitaja hapo nyumbani kila siku. Ningeenda kulisema. Lakini kuna askari mmoja wa kwetu alinipenyezea neno la mume wangu: nyamaza, yule kijana ana mtihani Novemba."

Nikaanza kuzihesabu bolti upya.

"Sikuja kukuomba kitu," akasema. "Nilitaka tu kukuona uso. Nione kama ni uso unaofaa mtu kufungwa kwa ajili yake."

Akatoka. Hakuniambia ameonaje.

Mwenye duka alikuwa nyuma ya pazia la ofisi na alikuwa amesikia yote. Alitoka na kilemba chake cheupe, akakumbatia rundo lote la magazeti lililokuwa kando ya mizani, akalipeleka uani, akalitia moto yeye mwenyewe. Sijawahi kumwona akibeba kitu. Tukasimama tukitazama wahafidhina wakiungua mmoja mmoja.

"Mimi nazaliwa hapa Kitale," akasema. "Babangu nazaliwa hapa. Sisi hapana ogopa mwizi, hapana ogopa njaa. Sisi naogopa karatasi."

"Mzee, kesho sijui kama nitakuja kazini."

"Mimi pia hapana jua. Enda. Lakini hii duka, wewe hapana taja."

Jioni hiyo niliita baraza la mawaziri nyuma ya kibanda cha fundi wa baiskeli. Serikali nyingi zimeanguka duniani, lakini hakuna iliyoanguka upesi kama yangu.

"Mimi si Ulinzi," akasema fundi kabla sijakaa. "Nilikuwa Ulinzi lini? Nani aliniona?"

"Uliapa, bana."

"Niliapa nikicheka. Kiapo ya kucheka haina nguvu."

Karani wa ghala, yule wa mpishi na supu, alisema ana safari ya ghafla Kapenguria. Mwingine alinishauri nivuke Malaba nikae Uganda mpaka mambo yapoe. Akaninong'oneza njia ya mafichoni wanayopitishia ng'ombe. Wengi walisema mwalimu ni mtu mzima, ataachiliwa tu, wataona hana makosa. Nilitamani sana kuamini. Nilikaribia kuamini. Ningeweza kulala Malaba usiku wa siku ile, nikafanya mtihani mwaka mwingine, mahali pengine, kwa jina lingine.

Mama sukuma wiki alikuwa anafunga mafungu yaliyobaki.

"Wataona namna gani hana makosa," akasema, "na kitabu inasema watu mia tatu?"

Mia tatu. Mabati yakatikisika. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Wewe nakujua," akaendelea. "Uko na mdomo. Ukiona mbwa moja unasema kumi, na sisi tunacheka, tunapenda. Lakini kule ukienda, usiongeze. Hata chumvi usiongeze. Sema kitu vile ilikuwa, nyamaza."

"Nani amesema naenda?"

"Si umevaa viatu vya kanisa."

Nilitazama chini. Ni kweli. Sijui nilivivaa saa ngapi.

Jumatano asubuhi nilikuwa Bungoma, mbele ya jengo lisilo na kibao, ambalo kila mtu alijua ni la nini. Askari wa mlangoni alikuwa kijana wa kwetu kabisa.

"Kalibu. Unataka nani?"

"Nimekuja kujitaja."

"Kujitaja nani?"

"Waziri Mkuu."

Nilidhani atacheka. Aliweka kalamu chini polepole, akainuka, akafunga mlango nyuma yangu.

Nilikaa kwenye benchi mpaka saa tisa. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenisemesha. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anakohoa, na nilikijua kikohozi kile. Ndicho alichokuwa akikohoa mwalimu chaki ikimpanda. Kila akikohoa nilihesabu, na kila nilipohesabu nilijiambia: kumi na watatu, kumi na watatu, usisahau, mlikuwa kumi na watatu.

Ofisa aliyeniita alikuwa mrefu, mwenye miwani na sweta ya kijivu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redioni. Kitabu changu cheusi kilikuwa mezani. Akanisogezea karatasi.

"Andika: Bunge hili halina imani tena na serikali."

Niliandika. Neno "imani" likapanda mlima. Akalinganisha na kitabu, herufi kwa herufi, kwa muda mrefu.

"Serikali gani?"

"Ya malkia wa Uingereza, afande."

"Imeandikwa wapi hapa?"

"Haijaandikwa."

"Watu mia tatu wako wapi?"

"Tulikuwa kumi na watatu, afande. Na mmoja alikuwa amelala."

"Hapa umeandika mia tatu."

"Nilidanganya."

"Ulimdanganya nani?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo. "Nilipenda tu ionekane kubwa."

"Mabati yalitikisika?"

"Hapana, afande. Kulikuwa na upepo. Kidogo."

Akaandika. Kila neno langu lilikuwa linaingia kwenye karatasi yake likiwa limenyolewa, bila shanga hata moja, na nilihisi kana kwamba navuliwa nguo mbele ya watu.

"Waziri wa Ulinzi anafanya kazi gani?"

"Anaziba pancha za baiskeli."

"Ana silaha?"

"Ana pampu. Inavuja."

Hakutabasamu. "Huyu wa Mambo ya Nje ana mtu Mbale. Amevuka mpaka mara ngapi?"

"Mara moja. Matanga."

"Majina yao."

Nilifikiri juu ya fundi na kiapo chake cha kucheka, nikafikiri juu ya yule mama na mafungu yake. "Afande, vyeo niligawa mimi. Wao walikuta wamepewa. Jina ninalolijua kuwa na makosa ni langu." Nikalitaja, lote, na la babangu, na la babu.

Akavua miwani, akaifuta. Kisha akafungua kurasa za mwanzo, kule kwenye vipande vya magazeti, kushoto cheo cha ujanani, kulia cha uzeeni.

"Na hawa wazungu? Ni nani aliyewatuma kwenu? Nyinyi mliahidiwa nini?"

Basi nikamwambia. Sikuwa na kingine cha kumwambia, na safari hii sikuongeza hata chumvi. Nilimwambia juu ya misumari, juu ya mpishi na supu, juu ya mzee wa kiti cha nyuma, karatasi yenye muhuri na koti lililoshonewa. Nilimwambia kwamba mwalimu hakujua habari za mzee. Aliitwa kufundisha mdahalo, akafundisha, akatia sahihi alipoambiwa atie. Nilimwambia kwamba nakala tatu nilizitaka mimi, ili mzee asome vizuri.

Alinitazama muda ambao mpaka leo nikiupima naona ni mwaka. Basi, ilikuwa dakika moja.

"Unaamini hivyo," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, afande."

Akagonga meza. "Mlete mwalimu."

Mwalimu aliingia bila viatu, mkono mmoja umeshika suruali kwa kuwa mshipi walimnyang'anya, koti la kahawia limekunjamana kama gunia. Midomo ilikuwa imepasuka. Aliponiona uso wake uliharibika.

"Mbona umekuja? Mtihani je?"

"Mtihani ni Novemba, mwalimu. Bado."

Ofisa alichana ukurasa ule wa kumbukumbu, na ule wa baraza la mawaziri, akazitia kwenye faili pamoja na mwandiko wangu uliopanda mlima. Kitabu alikifungia ndani ya droo. Akamwambia askari ampe mwalimu viatu na mshipi. Akatwambia klabu imekufa leo, na kwamba akisikia mdahalo wowote Kibomet, hata wa kuku na yai, tutarudi, na mara hiyo hataketi yeye kwenye kiti hicho. Tukasema ndiyo, afande. Mwalimu alikuwa anafunga kamba za viatu na vidole vyake havikumtii, nikapiga magoti nikamfungia.

Tulikuwa mlangoni ofisa aliponiita.

"Wewe."

Nikageuka.

"Nilipelekwa Uingereza kwa kozi, nikakaa huko miezi minane," akasema, akipanga karatasi zake bila kuniangalia. "Huyo mzee wa daftari hayuko. Wale vijana wanapata vyeo kwa sababu baba zao wanajuana na wakubwa wa chama, na wana kwao pa kula wakati wanangoja. Wengi hawapati kitu. Ni vile tu gazeti haliwaandiki. Bwana aliyenipangisha chumba alikuwa mwenyekiti wa klabu hiyohiyo akiwa chuoni, picha alikuwa ameitundika ukutani. Alikuwa anauza mazulia."